Bondia Asiyeshindwa na Maswali Asiyoulizwa

Mtangazaji anapomtambulisha bondia, baada ya jina, uzito na mji anakotoka hutaja rekodi yake: amepigana mara ngapi, ameshinda mara ngapi, na wapinzani wangapi hawakuifikia kengele ya mwisho. Sisi wa Mombasa, ambao ndondi kubwa tunaziona zaidi kwenye runinga kuliko ulingoni, tumezoea kuziamini tarakimu hizo. Pambano likitangazwa kutoka Dar es Salaam au kutoka Ulaya, mjadala wa maskani huanzia hapo na mara nyingi hukomea hapo hapo: huyu ana 18 bila kushindwa, yule ameshapigwa mara sita, basi kazi imekwisha kabla haijaanza. Ninachotaka kukitetea katika makala haya ni kwamba rekodi ya namna hiyo, hasa ya bondia kijana, hupima kazi ya mtu aliyempangia wapinzani kuliko inavyoipima mikono ya bondia mwenyewe. Lakini ninalipinga pia kosa la pili, ambalo wajuzi wengi hulifanya kwa fahari, nalo ni kusema kwamba aliyelishwa vibonde, yaani wapinzani dhaifu, hajui ngumi. Nahodha ambaye hajawahi kuitoa mashua nje ya Kilindini huenda akawa hodari au akawa mbabaishaji, na safari zake mia za ndani ya bandari hazitatusaidia kuamua.

Ifahamike kwanza kwamba kujaza rekodi si jambo linalofanywa gizani. Ni biashara ya mchana kweupe, na kwa sehemu ina mantiki. Katika mpira wa miguu kuna ratiba inayoilazimu kila timu kukutana na kila timu, iwe inapenda au haipendi. Katika ngumi za kulipwa hakuna ratiba ya namna hiyo. Kila pambano ni makubaliano baina ya pande mbili, na kila upande una meneja anayehesabu hasara na faida kabla ya kutia saini. Bondia anayetoka ngumi za ridhaa, ambako alipigana raundi tatu, hawezi kutupwa moja kwa moja kwenye raundi kumi na mtu mzima aliyekomaa. Lazima afundishwe kugawa pumzi, kuzoea glavu ndogo, kuvumilia kelele za ukumbi. Mapambano matano au sita ya kwanza dhidi ya watu anaotarajiwa kuwashinda ni shule halali, na kocha anayempitisha kijana wake humo hastahili kulaumiwa.

Tatizo huanza pale shule inapokwisha na mwanafunzi akaendelea kubakizwa darasa la kwanza kwa sababu za fedha. Sifuri katika safu ya kushindwa ina bei. Promota huiandika kwenye bango, kituo cha runinga huitaja katika matangazo, na vyama vinavyotoa mikanda huizingatia vinapopanga orodha za wanaostahili kugombea. Bondia akipigwa mara moja, bei yake hushuka hata kama alipigwa na mtu bora kuliko wote aliowahi kukutana nao. Katika kumbi ndogo za Uingereza mambo yako wazi zaidi: kijana wa nyumbani huuza tikiti kwa jamaa na marafiki zake, na katika fedha hizo ndimo hutoka malipo ya mpinzani. Ni nani atakayeuza tikiti kwa shangazi na binamu zake mwaka mzima ili amlipe mtu wa kuja kumpiga mbele yao?

Vibonde wenyewe wana aina zao, na anayetaka kuisoma rekodi hana budi kuzijua. Yuko anayepanda ulingoni kwa mara ya kwanza maishani, ambaye rekodi yake ni sifuri kwa sifuri na kwa hiyo haina aibu yoyote inapoandikwa. Yuko mkongwe mwenye jina kubwa na miguu iliyokwisha. Yuko aliyepandishwa uzani mmoja au miwili ili pambano lipatikane. Yuko aliyeitwa kwa simu siku kumi kabla, akafanya mazoezi ya kujiridhisha tu, akapanda ndege na kushuka baridi ikimtoboa. Huyu wa mwisho tunamjua vizuri, kwa kuwa mara nyingi ni wetu. Mabondia wa Kenya, Uganda na Tanzania wameitwa sana kwenda Ulaya, Urusi na Asia kusimama kwenye kona ya mgeni, na wengi wamerudi na kipigo kimoja zaidi kwenye karatasi na dola chache mfukoni. Kwa hiyo biashara hii tunaijua kutoka pande zote mbili: tunawashangilia nyumbani vijana waliojaziwa rekodi, na huko nje ndugu zetu ndio wanaojazia rekodi za wenzao.

Kwa nini nasema kwamba ushindi mwingi dhidi ya vibonde hautwambii mengi? Tuchukue hesabu ya kubuni, iliyo rahisi kuifuata. Tuseme wapo mabondia wawili, mmoja wa kawaida na mwingine mwenye kipaji cha kuwa bingwa wa dunia, na wote wawili wanapewa vibonde 20. Yule wa kawaida ana nafasi 95 katika 100 ya kumshinda kila mmoja wao; mwenye kipaji ana nafasi 99. Uwezekano wa yule wa kawaida kumaliza mapambano yote 20 bila kushindwa ni takriban asilimia 36, na wa mwenye kipaji ni takriban asilimia 82. Maana yake ni kwamba, tukiiona rekodi ya 20 bila kushindwa, ushahidi wa kwamba tunamtazama mwenye kipaji umeongezeka mara mbili na kidogo tu. Sasa tuwapeleke wote wawili kwa mpinzani mmoja wa kweli, ambaye bondia wa kawaida angemshinda mara 30 katika 100 na mwenye kipaji mara 70. Uwiano unaopatikana ni uleule, mara mbili na kidogo. Usiku mmoja dhidi ya mtu anayeweza kukushinda unatoa habari sawa na miaka kadhaa ya kuwaangusha watu ambao wangeangushwa na yeyote.

Mifano ya rekodi zilizopasuka zilipoguswa si migumu kupatikana. Mwezi Agosti 1995 Mike Tyson aliporudi ulingoni baada ya kifungo, alipewa Peter McNeeley, ambaye karatasi ilionyesha kwamba alishinda mapambano 36 na kupoteza moja. Tarakimu hizo zilitangazwa kwa sauti nzito Las Vegas, na pambano likadumu sekunde 89 kabla ya meneja wake kuingia ulingoni kumwokoa. Mfano wa Brian Nielsen wa Denmark unafundisha zaidi, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa mzaha. Alifikisha 49 bila kushindwa, idadi ileile aliyostaafu nayo Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa uzani wa juu, mwaka 1956, na alibakiza pambano moja kumpita. Miongoni mwa waliokuwa kwenye orodha yake alikuwamo Larry Holmes, bingwa wa kweli wa zamani, ila alipokutana naye Januari 1997 Holmes alikuwa na umri wa miaka 47, na Nielsen alishinda kwa uamuzi uliogawanyika. Juni 1999, huko huko nyumbani Denmark, Dicky Ryan wa Marekani alimsimamisha raundi ya kumi. Nielsen alikuwa na nguvu, alijua kazi yake kiasi, na angeweza kuheshimiwa kama bondia mzuri wa kiwango cha kati kama asingewekwa kando ya jina la Marciano. Namba 49 ndiyo iliyomdhalilisha.

Uko mfano mwingine ulio karibu zaidi na wengi wetu kwa nasaba, wa Ali Raymi wa Yemen. Alipigana mara 25, akashinda zote kwa KO, yaani kwa kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea, nyingi zikiwa zimekwisha katika raundi ya kwanza, na wengi wa wapinzani wake walikuwa watu wasiojulikana hata kidogo nje ya nchi yao. Aliuawa vitani Mei 2015 bila kukutana na bondia yeyote wa daraja la dunia. Nimewasikia watu wakisema alikuwa hatari mno, na nimewasikia wengine wakisema alikuwa kichekesho cha mtandaoni. Wote wanazungumza bila ushahidi. Alichokiacha ni majina 25 yasiyotwambia chochote, na swali lake halitajibiwa tena.

Hapo ndipo wanaodharau huvuka mpaka. Huona orodha ya vibonde, wakaruka moja kwa moja hadi kwenye hukumu ya kwamba aliyewapiga naye ni kibonde. Historia ya mchezo huu inawakataza. Julio César Chávez wa Mexico alijenga sehemu ya mwanzo ya rekodi yake Culiacán na miji ya jirani dhidi ya watu wengi wasiokuwa na sifa yoyote, na mwaka 1981 pambano ambalo awali alitangazwa kushindwa kwa kuondolewa kwa sababu ya rafu liligeuzwa baadaye na tume ya ngumi ya Culiacán likawa ushindi wake. Kwa kipimo cha ukali, rekodi yake ya kutoshindwa ilikuwa na kasoro tangu hapo. Hata hivyo, mtu aliyefika mwaka 1993 akiwa ameshinda mara 87 ndiye huyo huyo aliyetawala uzani mmoja baada ya mwingine kwa karibu miaka kumi. Na alipokutana na Pernell Whitaker Septemba ya mwaka huo, kipimo cha kweli cha hadhi yake, majaji walitoa sare ambayo watazamaji wengi waliona ni zawadi kwake. Bingwa mkubwa, rekodi iliyonenepeshwa, na usiku mmoja uliopindishwa kuilinda: vyote vitatu vilikuwa kweli kwa mtu mmoja.

George Foreman naye aliporudi Machi 1987, baada ya miaka kumi nje ya ulingo, alichekwa. Alishinda mapambano 24 mfululizo, na wengi wa aliowaangusha walikuwa watu wa kupita njia. Waandishi walisema ni mzee mnene anayekusanya fedha. Aprili 1991 alisimama na Evander Holyfield raundi zote 12 na kushindwa kwa pointi baada ya kumtikisa bingwa mara kadhaa, na Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer raundi ya kumi akauchukua ubingwa wa uzani wa juu wa dunia. Vibonde vyake 24 havikusema uongo, havikusema neno.

Joe Calzaghe wa Wales ni mfano wa namna nyingine, kwa kuwa alikuwa tayari bingwa wa WBO, kimojawapo cha vyama vinavyotoa mikanda ya dunia, tangu 1997 na bado Wamarekani walimwona kuwa ni bingwa wa kufugwa, asiyetoka nyumbani, anayeutetea mkanda dhidi ya majina madogo. Walikuwa na hoja. Kisha Machi 2006 alipewa Jeff Lacy, aliyepigiwa debe kama mrithi wa Tyson katika uzani wake, na kwa raundi 12 alimfundisha ngumi hadi ikawa huruma kutazama. Mwaka uliofuata alimshinda Mikkel Kessler ambaye naye hakuwa ameshindwa, na akastaafu na 46 bila doa. Ukiitazama rekodi yake ya mwaka 2005 na ya McNeeley ya 1995 kwa jicho la haraka, zote mbili zingekupa shaka. Tofauti iliyokuwa baina yao haikuandikwa katika safu za ushindi.

Kwangu mimi kesi tajiri kuliko zote ni ya Deontay Wilder, kwa sababu hadi leo watu hawajakubaliana juu yake. Alipata medali ya shaba Olimpiki ya Beijing 2008, akaingia ngumi za kulipwa, na akawekewa mbele yake wapinzani 32 walioanguka wote 32, hakuna hata mmoja aliyevuka raundi ya nne. Kufikia Januari 2015 hakuna aliyejua kama ana mapafu ya raundi ya tano. Mwezi huo alipigana na Bermane Stiverne raundi zote 12 na kushinda kwa pointi kwa kutumia ngumi ya mbele, silaha ambayo wengi hawakudhani anayo. Basi vibonde vilikuwa vimeficha kitu kizuri. Lakini vilificha pia kitu kibaya, nacho kilijitokeza polepole: miguu iliyopishana, kutojua la kufanya mpinzani anapomsogelea na kumlalia, kutegemea mkono wa kulia umtoe katika kila shimo. Machi 2018 Luis Ortiz alimyumbisha vibaya katika raundi ya saba kabla ya Wilder kumaliza kazi katika ya kumi. Desemba ya mwaka huo alimwangusha Tyson Fury mara mbili wakatoka sare, na Februari 2020 Fury huyo huyo alimtembeza hadi kona yake ikatupa taulo raundi ya saba. Ukiniuliza kama rekodi ya Wilder iliakisi uwezo wake, nitajibu kwamba iliakisi ngumi yake ya kulia kwa ukamilifu na mengine yote haikuyagusa. Na nitaongeza kwamba huenda ndiyo iliyoyadumaza, kwa sababu mtu anayemaliza kazi ndani ya dakika kumi na mbili kila mara hana sababu ya kujifunza jinsi ya kurudi nyuma.

Hoja hii ya mwisho haizungumzwi vya kutosha. Tunajadili kama rekodi inaonyesha uwezo, na tunasahau kwamba rekodi huutengeneza uwezo. Bondia hujifunza kile ambacho mpinzani anamlazimisha kujifunza. Anayepigana na watu wasiorudisha ngumi hushusha mikono, na kocha anayemfokea mazoezini hasikilizwi kwa sababu matokeo ya Jumamosi yanamkanusha. Anayemaliza raundi ya pili hajui mwili wake unavyokuwa katika ya nane. Kisha siku moja fedha nzuri zinaita, mkanda unawekwa mezani, na kijana aliyelelewa kwa vibonde anatupwa mbele ya mtu aliyepikwa. Kipigo kinachotokea hapo huwa kikubwa kuliko ambavyo uwezo wake ulistahili, kwa vile hajafundishwa hata namna ya kushindwa salama. Na upande wa pili wa mizani wamo vibonde wenyewe, ambao vichwa vyao ndivyo vinavyolipia mabango. Tume yoyote ya ngumi inayoruhusu mtu aliyepigwa kwa KO mwezi uliopita apande tena wiki hii kwa jina la kumpa kijana ushindi wa 15 inashiriki katika madhara hayo, iwe Nairobi, Dar es Salaam au kwingineko.

Tugeuke upande wa safu ya kushindwa, ambayo nadhani ina habari nyingi kuliko safu ya ushindi. Srisaket Sor Rungvisai wa Thailand alianza kwa kushindwa mara tatu na kutoka sare moja katika mapambano yake matano ya kwanza. Machi 2017 akamshinda Román González aliyekuwa na 46 bila kushindwa, na Septemba, katika marudio, akamlaza raundi ya nne. Orlando Salido alikuwa ameshashindwa mara 12 alipomkaribisha Vasyl Lomachenko mwaka 2014, mtu aliyepoteza pambano moja tu katika takriban 400 za ridhaa, na akamshinda, ingawa ni haki kutaja kwamba Salido aliingia akiwa amezidi uzito. Hapa kwetu, Fatuma Zarika alikuwa na vipigo zaidi ya kumi kwenye karatasi yake alipouchukua mkanda wa dunia wa chama cha WBC huko Marekani Oktoba 2016 kutoka kwa Alicia Ashley. Haki hiyo hiyo inanilazimu kusema kwamba Ashley alikuwa na miaka 49. Lakini miaka miwili baadaye Zarika aliutetea mkanda huo dhidi ya Yamileth Mercado wa Mexico, kijana aliyekuwa akipanda, na hilo halikuwa pambano la kupewa. Mercado alilipiza mwaka 2019, kwao.

Na kuna Hassan Mwakinyo wa Tanga, mji ulio karibu nasi kuliko Nairobi, ambaye mashabiki wa Pwani humhesabu nusu kuwa wao. Septemba 2018 aliitwa Birmingham kama mpinzani wa dharura wa Sam Eggington. Hakuwa na rekodi safi, na hakuna aliyemtarajia afanye zaidi ya kusimama kwenye kona ya mgeni. Alimmaliza mwenyeji raundi ya pili. Ushindi huo mmoja ulikuwa na uzito kuliko yote aliyoyapata nyumbani kabla yake, na ndio uliombadilishia maisha. Mwaka uliofuata, Dar es Salaam, Arnel Tinampay wa Ufilipino, bondia aliyekuwa na vipigo karibu sawa na ushindi, alimpa tabu kubwa katika pambano aliloshinda kwa pointi huku ukumbi mzima ukibishana. Septemba 2022 Liverpool, mbele ya Liam Smith, aliacha kuendelea raundi ya nne akilalamikia mguu na viatu. Matokeo haya matatu hayawezi kujumlishwa yakatoa namba moja, lakini kwa pamoja yanamweleza Mwakinyo vizuri kuliko orodha yake yote iliyobaki: ana ngumi inayoweza kumaliza mtu wa daraja la Ulaya akikutwa hajajiandaa, na anapokutana na mtu asiyeyumba hupata shida.

Nisiwasahau wale ambao kushindwa ni kazi yao. Peter Buckley wa Birmingham alistaafu 2008 baada ya mapambano 300, akiwa ameshinda 32 tu. Kwa karatasi, huyu ni bondia mbaya kuliko kijana yeyote wa mtaani. Lakini alipigana na Naseem Hamed mara mbili na akawapitia mabingwa wengine wengi wa baadaye, akijua kufunga, kukumbatia, kuzungusha, kupoteza kwa pointi bila kuumia na kurudi kazini wiki iliyofuata. Uwezo huo ni wa kweli, na hakuna safu ya kuuandika. Bondia kijana aliyemshinda Buckley kwa pointi raundi sita alijifunza zaidi ya aliyemwangusha mgeni wa ulingo kwa sekunde arobaini, ingawa wa pili ndiye atakayeonekana kwenye klipu za simu.

Ningeweza pia kuzungumzia rekodi za uongo mtupu, kama zile za mwaka 1977 ambapo mashindano ya promota Don King yaliyokuwa yakirushwa na ABC, kituo cha runinga cha Marekani, yalisimamishwa baada ya kugundulika kwamba baadhi ya mabondia walikuwa wameandikiwa mapambano ambayo hayakuwahi kupigwa. Huo ni udanganyifu wa wazi na hauhitaji uchambuzi. Tovuti kama BoxRec, ambayo hukokotoa alama kwa kuzingatia ubora wa wapinzani, imefanya udanganyifu wa namna hiyo kuwa mgumu zaidi. Kilicho kigumu ni rekodi ya kweli iliyopangwa kwa werevu, ambayo kila pambano lilipigwa, kila mpinzani alikuwapo, na kila ushindi ni halali.

Kuisoma rekodi ya namna hiyo kunahitaji kuacha jumla na kuingia ndani. Mimi huangalia kwanza mpinzani alikuwa katika hali gani siku ile, kwani mtu mwenye ushindi 25 aliyepigwa mara sita mfululizo ni kibonde mwenye suti. Kisha namtafuta mpinzani wa pamoja, yaani mtu aliyepigana na bondia wangu na pia na bondia wa daraja linalofahamika, nione nani alimsumbua zaidi. Naangalia ni wapi pambano lilipigwa na majaji waliletwa na nani. Zaidi ya yote naitafuta raundi mbaya, ile ambayo bondia alipigwa, akayumba, akachoka au akakatwa juu ya jicho, kwa sababu hapo ndipo unapoona kama anafikiri au anaogopa. Kama katika mapambano 15 hakuna raundi mbaya hata moja, basi sina ninachokijua. Historia ya ngumi za ridhaa nayo ni ushahidi unaodharauliwa: Mkenya Robert Wangila alileta dhahabu ya Olimpiki ya Seoul 1988 baada ya kukutana na watu aliopangiwa na droo, bila meneja wa kumchagulia, na vipigo vitano alivyopata baadaye katika ngumi za kulipwa, kabla ya kufariki Las Vegas Julai 1994 kutokana na majeraha ya pambano, havifuti hata chembe ya uwezo ule.

Wapo watakaosema kwamba mashabiki wa siku hizi hawajali tena rekodi, na watamtaja Karim Mandonga, bondia wa Tanzania, ambaye hajazi ukumbi kwa sifuri ya kushindwa bali kwa mdomo na kwa ngumi anazozipa majina. Januari 2023 alitangazwa mshindi dhidi ya Daniel Wanyonyi jijini Nairobi, na Julai katika marudio Wanyonyi akamshinda kwa pointi, na umaarufu haukutikisika. Ni kweli, na ninakiri kwamba humfurahia. Ila huo ni uchumi mwingine, wa kichekesho na simulizi, na kijana wa Kisauni au Likoni anayeamka alfajiri kukimbia ufukweni hawezi kuujengea maisha.

Kijana huyo akitaka kulipwa, kwa kawaida njia zake ni mbili: kupanda kwenda Nairobi au kuvuka mpaka wa Lungalunga kuelekea Tanga na Dar es Salaam. Atakapokuwa na ushindi nane au tisa, atajitokeza mtu wa kumshauri aongeze vibonde watano ili afike kwenye mkanda akiwa safi, na mshauri huyo atakuwa na hesabu zake zinazoeleweka. Kama kocha wake angeniuliza, ningemwambia amtafutie bondia mwenye ushindi tisa na vipigo sita, asiyezidi miaka 30, aliyepigana ndani ya miezi minne iliyopita na ambaye hakuna aliyewahi kumsimamisha, wapewe raundi nane, majaji wasiotoka upande wowote, na mkataba unaotamka uzito mapema. Akishinda, ataweza kudai malipo ya juu zaidi Dar es Salaam kwa ushindi huo peke yake. Akishindwa kwa pointi baada ya raundi nane za kweli, kocha atarudi mazoezini akiwa na orodha ya mambo ya kurekebisha, jambo ambalo vibonde watano wasingempa.